Frumentius wa Aksum: Maisha Yake na Hesabu ya Miaka ya Kanisa la Kale

Usharika unapotimiza miaka 100, swali la kwanza linaloulizwa ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: miaka hiyo inahesabiwa tangu lini? Katika nchi ya Kilosa na Mikumi, wazee wa Wasagara, Wakaguru na Wavidunda walizitunza nyakati kwa matukio. Mtoto alizaliwa mwaka wa Maji Maji, au mwaka reli ilipofika, au mwaka Waingereza walipoingia Kilosa wakiwafukuza Wajerumani, ndio 1916, au mwaka Mto Mkondoa ulipofurika na kuchukua nyumba za watu. Hesabu ya namna hiyo si ya kudharauliwa. Kila tukio hukaa mahali pake kwa kuegemea tukio jingine, na mwenye subira anaweza kuyapanga yote kama mawe ya msingi.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika Kanisa la kale. Wakristo wa karne za kwanza hawakujua kwamba wanaishi mwaka wa 50 au mwaka wa 330 baada ya Kristo. Luka Mwinjili alipotaka kueleza Yohana Mbatizaji alianza kazi lini, alitaja mwaka wa 15 wa kutawala kwake Kaisari Tiberio. Alipoeleza Paulo alivyoshtakiwa Korintho, alitaja kwamba Galio alikuwa liwali wa Akaya. Na kwa sababu yalipatikana huko Delfi, nchi ya Wayunani, maandishi ya jiwe yanayomtaja Galio huyo, leo inajulikana kwamba Paulo alikuwa Korintho karibu na mwaka 51. Hesabu ya miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo ilitungwa baadaye sana, mwaka 525, na mtawa mmoja wa Roma aitwaye Dionysius. Hata yeye alikosea kwa miaka michache, maana Mfalme Herode, ambaye Bwana Yesu alizaliwa katika siku zake, alifariki mwaka wa 4 kabla ya Kristo kwa hesabu hiyo hiyo.

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ni vema kumweka mtu mmoja ambaye maisha yake yanagusa mambo yote mawili, yaani mwanzo wa Kanisa katika upande huu wa Afrika na kazi ya kuzitafuta tarehe za mwanzo huo. Mtu huyo ni Frumentius, askofu wa kwanza wa Aksum, ambaye Waethiopia humwita Abba Salama, Baba wa Amani.

KIJANA WA TIRO

Frumentius alikuwa mwenyeji wa Tiro, mji wa bandari uliotajwa mara nyingi katika Maandiko Matakatifu, ambao leo uko katika nchi ya Lebanoni. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya nne au muda mfupi kabla ya hapo. Wakati huo Kanisa lilikuwa likitoka katika mateso makali ya Kaisari Diokletiano, yaliyoanza mwaka 303, na kuingia katika uhuru uliotangazwa mwaka 313. Hivyo alikulia katika kizazi kilichosikia habari za mashahidi kutoka kwa watu waliowaona kwa macho yao.

Habari za ujana wake ziliandikwa na Rufinus wa Akwileia, mwanahistoria wa Kanisa, karibu na mwaka 402. Rufinus hakuzipata kwa uvumi wa njiani. Alisimuliwa na Aedesius, ndugu na mwenzake Frumentius, aliyekuwa kasisi huko Tiro katika uzee wake. Jambo hili ni la maana sana kwa yeyote anayepima ukweli wa habari za kale, kwa kuwa kati ya tukio na kalamu alikuwapo shahidi mmoja tu, naye alikuwa mhusika mwenyewe.

Palikuwa na mwanafalsafa wa Tiro aliyeitwa Meropius. Mtu huyu alitamani kuziona nchi za mbali zilizoitwa India, jina ambalo waandishi wa siku zile walilitumia pia kwa nchi zilizo kando ya Bahari ya Shamu. Alisafiri na vijana wawili wa jamaa yake aliokuwa akiwafundisha, Frumentius na Aedesius. Walipokuwa wakirudi, chombo chao kilitia nanga katika bandari mojawapo ya pwani ya Afrika ili kuchukua maji na chakula. Kwa bahati mbaya mapatano kati ya watu wa nchi ile na Warumi yalikuwa yamevunjika. Wenyeji wakakivamia chombo na kuwaua waliokuwamo, Meropius akiwa mmoja wao. Wale vijana wawili hawakuwamo chomboni. Walikutwa chini ya mti wakijisomea masomo yao. Wakahurumiwa, wakachukuliwa hadi kwa mfalme.

MTUMWA KATIKA JUMBA LA MFALME

Mfalme huyo alitawala Aksum, katika nyanda za juu za Ethiopia ya kaskazini. Aksum haikuwa nchi ndogo. Wafanyabiashara wake walipeleka pembe za ndovu, dhahabu na manukato hadi Misri na Uarabuni, na tangu mwishoni mwa karne ya tatu wafalme wake walikuwa wakitengeneza sarafu zao wenyewe za dhahabu, jambo lililofanywa na falme chache sana duniani wakati huo. Si ufalme ule wa Kandake ambaye towashi wake alibatizwa na Filipo katika Matendo ya Mitume sura ya 8. Huo ulikuwa Meroe, katika nchi ya Sudani ya leo.

Hapo jumbani Aedesius alifanywa mnyweshaji wa mfalme. Frumentius, aliyeonekana kuwa na akili na uaminifu, alikabidhiwa hazina na maandiko ya serikali. Msomaji wa Biblia atawakumbuka Yusufu katika nyumba ya Farao na Danieli katika Babeli. Kama hao, Frumentius alifika ugenini pasipo hiari yake, akapewa madaraka kwa sababu ya uaminifu wake, wala hakumsahau Mungu wake.

Mfalme alipokaribia kufa aliwapa wote wawili uhuru wao. Alimwacha malkia na mtoto mchanga wa kiume. Malkia aliwasihi wasiondoke bali wamsaidie kutunza utawala mpaka mtoto akue, na hasa alimtegemea Frumentius. Hapo ndipo kazi yake ya imani ilipoanza kuonekana. Akiwa na mamlaka mikononi mwake, aliwatafuta Wakristo miongoni mwa wafanyabiashara Warumi waliokuwa wakiishi mjini, akawapa ruhusa ya kukusanyika, akawahimiza watenge mahali pa sala, akawapa viwanja na mahitaji ya kujengea. Wakati huo hakuwa kasisi wala shemasi. Alikuwa Mkristo wa kawaida mwenye kazi ya serikali.

SAFARI YA ISKANDERIA

Mwana wa mfalme alipofikia umri wa kutawala, vijana wale, ambao sasa walikuwa watu wazima, waliomba ruhusa ya kuondoka. Malkia na mfalme kijana waliwabembeleza wabaki, lakini walishika safari. Aedesius alikwenda moja kwa moja Tiro kuwaona wazazi na jamaa zake.

Frumentius alichagua njia nyingine. Aliona si haki kuificha kazi ya Bwana iliyokuwa imeanza, akaenda Iskanderia kwa Askofu Athanasio. Huyu ndiye Athanasio aliyepigania kwa uthabiti imani ya Nikea, iliyokiriwa katika mtaguso wa mwaka 325, kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Frumentius alimweleza kwamba huko Aksum kuna Wakristo wengi na nyumba za sala, lakini hakuna mchungaji, akamwomba atafute mtu anayefaa. Athanasio alilipeleka jambo hilo mbele ya baraza la makasisi wake. Baada ya kushauriana, aliona hakuna awezaye kufaa kuliko yule aliyeleta habari. Basi akamweka wakfu kuwa askofu na kumrudisha Aksum.

Hapa ndipo uzito wa maisha ya Frumentius unapoonekana. Alikuwa amepata uhuru wake. Alikuwa karibu na nyumbani, baada ya miaka mingi ya kutengwa na jamaa zake. Nchi aliyotumwa ndiyo ilikomwaga damu ya mwalimu wake na wenzake wote wa safari. Alikubali kurudi huko, safari hii kwa hiari, naye akaifanya nchi ya utumwa wake kuwa shamba la utume wake.

ASKOFU NA MFALME

Mfalme anayefahamika zaidi katika habari hizi ni Ezana. Mabadiliko ya imani yake yanaonekana waziwazi katika vitu alivyoviacha. Katika sarafu zake za kwanza iko alama ya mwezi mwandamo na duara, alama ya miungu ya zamani. Katika sarafu zake za baadaye uko msalaba. Wafalme wa Aksum walikuwa miongoni mwa watawala wa kwanza duniani kuweka msalaba katika fedha zao. Mawe yake yanasema vivyo hivyo. Katika maandishi ya awali anajiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita. Katika maandishi ya baadaye, yanayohusu vita vyake upande wa Mto Nile, anamshukuru Bwana wa Mbingu. Na katika jiwe moja la Kiyunani anakiri imani yake kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba watu wote waliongoka siku mfalme alipoongoka. Kazi ya kufundisha vijijini iliendelea kwa vizazi, na watawa waliofika katika karne ya tano na ya sita wanakumbukwa na Waethiopia kwa kuieneza Injili mbali na mji mkuu. Frumentius aliweka msingi. Wengine wakajenga juu yake, kama Mtume Paulo alivyowafundisha Wakorintho.

BARUA YA KAISARI

Jaribu kubwa la uaskofu wake lilitoka Roma, wala halikutoka kwa wapagani. Kaisari Constantius, mwana wa Konstantino Mkuu, aliwaunga mkono wafuasi wa Ario waliokana kwamba Mwana ni sawa na Baba. Mwezi Februari 356 askari waliingia kwa nguvu kanisani Iskanderia usiku, na Athanasio akalazimika kukimbilia jangwani. Mahali pake akawekwa George wa Kapadokia.

Baada ya hayo Kaisari aliwaandikia barua watawala wa Aksum, Ezana na ndugu yake Sazana. Aliwataka wamrudishe Frumentius Misri upesi ili George na maaskofu wenzake wauchunguze uaskofu wake na mafundisho yake, kwa kuwa aliwekwa wakfu na Athanasio. Athanasio mwenyewe aliipata nakala ya barua hiyo na kuiingiza katika utetezi aliomwandikia Kaisari, na kwa njia hiyo imehifadhiwa mpaka leo.

Ethiopia haikuufuata Uario. Kanisa lake lilibaki na Iskanderia ya Athanasio, likaendelea kupokea maaskofu wake kutoka Misri hadi katikati ya karne ya 20. Mwaka 1959 ndipo lilipopata patriaki wake wa kwanza mwenyeji. Kama Frumentius angejitetea kwa kuigeuza imani, historia ya Ukristo katika Afrika Mashariki ingalikuwa nyingine.

JINSI MWAKA UNAVYOTAFUTWA

Je, Frumentius aliwekwa wakfu mwaka gani? Njia ya kujibu inafanana na ile ya wazee wa Kilosa. Tukio lisilo na tarehe huwekwa kati ya matukio yenye tarehe.

Nguzo ya kwanza ni Athanasio. Alikuwa askofu kuanzia Juni 328, kwa hiyo kuwekwa wakfu kwa Frumentius hakuwezi kutangulia mwezi huo. Nguzo ya pili ni barua ya Constantius, ambayo inamtaja Frumentius akiwa tayari askofu, na iliandikwa mwaka 356 au muda mfupi baadaye. Basi tukio liko kati ya nguzo hizo mbili, katika muda wa miaka 28 hivi.

Muda huo unaweza kupunguzwa tena. Athanasio alihamishwa kwa nguvu zaidi ya mara moja. Mwaka 335 alihukumiwa katika baraza la maaskofu lililokutana Tiro, mji wa Frumentius mwenyewe, akapelekwa uhamishoni Ulaya. Alirudi mwaka 337, akafukuzwa tena mwaka 339, akarejea mwaka 346. Kwa kuwa alimweka wakfu Frumentius akiwa Iskanderia pamoja na makasisi wake, yanabaki majira matatu tu: kati ya 328 na 335, kati ya 337 na 339, na kati ya 346 na 356.

Rufinus anaeleza kwamba Athanasio alikuwa hajakaa muda mrefu katika uaskofu wake, na kwa sababu hiyo wengi wameuchukua mwaka 330 au ulio karibu nao. Wengine wanaona kwamba barua ya Constantius inaizungumzia habari hiyo kama jambo bichi, maana Kaisari asingengoja zaidi ya miaka 20 ndipo aulize juu ya askofu huyo. Nao huuweka uaskofu wake baada ya 346. Kila upande una hoja yake, na mawe na sarafu za Ezana zinakubaliana na pande zote mbili. Jambo lililo hakika ni kwamba kabla ya nusu ya pili ya karne ya nne kwisha, Aksum ilikuwa na askofu, makanisa na mfalme Mkristo.

Tena iko tofauti ya kalenda. Waethiopia pia huhesabu tangu kuja kwake Kristo, lakini hesabu yao iko nyuma ya ile ya Dionysius kwa miaka 7 au 8, kutegemea mwezi. Wakristo wa Misri nao huhesabu tangu mwaka 284, Diokletiano alipoanza kutawala, wakiuita mwaka wa mashahidi. Waamini wanaweza kuandika namba tatu tofauti juu ya siku moja, na siku ikabaki ile ile.

MWANZO NI UPI?

Zaidi ya mwaka, liko swali la tukio lenyewe. Mwanzo wa Kanisa la Aksum ni siku ipi? Je, ni siku wafanyabiashara wasiojulikana majina walipokutana kwanza kuomba katika chumba cha kupanga? Ni siku mtunza hazina asiye kasisi alipotoa kiwanja? Ni siku mikono ya Athanasio ilipowekwa juu ya kichwa chake? Au ni siku mfalme alipobadili alama katika fedha yake? Vitabu vingi huchagua siku ya askofu au ya mfalme, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa. Lakini Frumentius mwenyewe alipofika mbele ya Athanasio hakueleza kwamba ameanzisha Kanisa. Alieleza kwamba Kanisa lipo tayari, nalo linahitaji mchungaji.

Neno hili liwe faraja kwa kila usharika unaoandika historia yake. Vitabu vya ubatizo na barua za wamisionari vina tarehe, na tarehe hizo ni za kutunzwa kwa uaminifu. Lakini katika miji ya reli kama Kilosa, katika mashamba ya katani kama ya Kimamba, na katika vijiji vya Mikumi, wapo walioomba pamoja kabla ya kitabu kufunguliwa: kibarua aliyetoka mbali na kitabu chake cha nyimbo, mama aliyewakusanya watoto, karani aliyesoma Injili Jumapili kwa sababu hapakuwa na mwalimu. Sherehe ya miaka 100 inawahusu hao pia, ijapokuwa siku yao haimo katika daftari.

URITHI WAKE

Waethiopia walimpa Frumentius jina la pili, Kesate Birhan, yaani Mfunuaji wa Nuru. Kanisa alilolisimamia halikuzimika. Mwaka 1534 shemasi Mwethiopia aitwaye Mikaeli alifika Wittenberg, akazungumza na Martin Luther na Philipp Melanchthon juu ya imani na ibada. Waliachana wakiwa wametambuana kuwa ndugu katika Kristo. Hivyo Mwafrika aliyerithi imani ya Frumentius alikaa na Luther miaka zaidi ya 300 kabla ya mmisionari yeyote Mjerumani kukanyaga pwani ya Waswahili. Naye Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alikuwa ametumika kwanza Ethiopia tangu mwaka 1837. Leo Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus la Ethiopia, lililoundwa mwaka 1959, ni dada wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoungana kuwa Kanisa moja mwaka 1963.

Kwa hiyo asemaye kwamba Ukristo ni mgeni wa jana katika Afrika Mashariki hajaihesabu miaka vizuri. Wajerumani wengi wa kaskazini walikuwa bado hawajaisikia Injili wakati nyumba za sala zilipokuwa zikijengwa Aksum. Wamisionari walioifikisha nchi ya Usagara wanastahili heshima na shukrani zote. Walileta Neno katika bara ambalo Neno lilikuwa limekaa tangu zamani.

Frumentius hakuacha kitabu chochote, wala siku aliyozaliwa haikuandikwa. Anajulikana kwa ushuhuda wa ndugu aliyezeeka Tiro, kwa barua ya Kaisari aliyetaka kumwondoa, na kwa msalaba katika fedha ya mfalme. Hayo matatu yametosha kulihifadhi jina lake kwa zaidi ya miaka 1,600. Bwana wa Kanisa, ambaye kwake miaka elfu ni kama siku moja, na awajalie waamini wa Kilosa na Mikumi uaminifu kama huo katika miaka 100 inayokuja.